Namna ya kutumia dawa za kufunga tumbo bila kujidhuru

Mtu anayeingia duka la dawa mjini Kampala, Kasese au Malaba na kusema kwamba tumbo linamwendesha, mara nyingi hutoka na kapsuli za loperamidi, dawa ya kufunga tumbo, na vidonge vya Flagyl vilivyofungwa kwenye kipande cha karatasi, bila kuulizwa ameanza lini, kama ana homa, wala kama dawa ni yake mwenyewe au ni ya mtoto aliyebaki nyumbani. Nimefanya kazi ya kutoa dawa kwa miaka mingi na ninajua jinsi foleni inavyomsahaulisha muuzaji maswali hayo. Kwa sababu hiyo mwongozo huu namwandikia mnunuzi mwenyewe, na ninauandika kwa Kiswahili, kwa kuwa wengi wanaoitegemea lugha hii nchini Uganda, yaani madereva wa malori, askari, wafanyabiashara wa mipakani na ndugu zetu kutoka Kongo wanaoishi katika makazi ya wakimbizi ya Kyangwali, Nakivale na Kyaka II, hupewa dawa ambayo maelezo yake yameandikwa kwa lugha wasiyoisoma vizuri.

Anza na maji

Kinachomuua mtu anayeharisha, mara nyingi, ni kupungukiwa maji na chumvi mwilini, na hakuna dawa ya kufunga tumbo inayorudisha hata tone moja la maji hayo. Fedha za kwanza zinunue pakiti za ORS, unga wa sukari na chumvi wa kuchanganya na maji ya kunywa. Na kama fedha hazitoshi kununua vyote viwili, inunuliwe ORS na kapsuli ziachwe dukani.

Pakiti ya kawaida ya ORS huchanganywa na lita moja kamili ya maji safi ya kunywa, na kipimo chake kiko karibu kila nyumba nchini Uganda: vikombe viwili vya tumpeco vilivyojaa ni lita moja, sawa na chupa mbili za maji za nusu lita. Mimina unga wote wa pakiti kwa mara moja, koroga hadi uyeyuke, na usiongeze sukari ili kupendeza ladha. Usiuchanganye na soda, juisi wala maziwa, usiuchemshe baada ya kuuchanganya, na ukipita saa 24 mwaga uliobaki utengeneze mwingine. Nasisitiza vipimo kwa sababu nguvu ya ORS imo katika uwiano wake: glukosi na chumvi huingia pamoja kwenye ukuta wa utumbo, na maji huzifuata. Mchanganyiko unaotumika sasa, uliopendekezwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) na UNICEF tangu mwaka 2002, una gramu 13.5 za glukosi na gramu 2.6 za chumvi ya kawaida kwa kila lita, pamoja na chumvi nyingine mbili. Anayeigawa pakiti nusu kwa nusu kwa kukisia, au anayetumia kikombe kimoja cha maji badala ya lita, huuvunja uwiano huo, na maji yenye chumvi kupita kiasi yanaweza kumdhuru mtoto kuliko kuharisha kwenyewe.

Pakiti ikikosekana, weka vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa juu kwa kisu, katika lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Mtu mzima anywe kadiri anavyotaka, walau glasi moja kila anapotoka chooni. Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha, na wa miaka 2 hadi 10 apewe mililita 100 hadi 200, kwa kijiko au kwa vifunda vidogo. Akitapika, subiri dakika 10 kisha uendelee polepole zaidi. Chakula kisisimamishwe: matoke, wali, posho laini na uji vinafaa, na mtoto anayenyonya aendelee kunyonya hata mara nyingi zaidi ya kawaida. Soda ina sukari nyingi mno na inaweza kuzidisha kuharisha. Waragi, pombe kali ya hapa Uganda, ambayo wapo wanaoamini kwamba inaua vijidudu vya tumbo, humkausha mgonjwa zaidi na haina nafasi yoyote hapa.

Kapsuli hufanya nini hasa

Loperamidi, ambayo kwenye pakiti huandikwa Loperamide na ambayo wengi waliijua kwanza kwa jina la Imodium, ni ndugu wa dawa za jamii ya afyuni, ila imetengenezwa ili ikifika tumboni ibaki huko. Hushika neva za ukuta wa utumbo na kupunguza mwendo wake, chakula na maji hukaa ndani muda mrefu zaidi, na utumbo hupata nafasi ya kufyonza maji. Safari za chooni hupungua. Ila dawa haikuua bakteria, virusi wala amiba. Imepunguza mwendo tu, na kilicholeta ugonjwa bado kimo ndani.

Hapo ndipo manufaa na hatari zake zinapotoka, zote mbili. Ikiwa kuharisha ni kwa maji matupu, kumeanza jana au leo, na mgonjwa ni mtu mzima asiye na homa wala damu katika choo, mwili kwa kawaida hujimalizia kazi wenyewe ndani ya siku chache, na kapsuli humsaidia mtu huyo kusafiri kwa basi kutoka Arua hadi Kampala au kumaliza zamu ya kazi bila aibu. Ikiwa ugonjwa umetokana na bakteria wanaochimba ukuta wa utumbo, kama wale wa kuhara damu, kupunguza mwendo ni kuwafungia ndani pamoja na sumu yao.

Kwa mtu mzima: kiasi, muda na mwisho wake

Kapsuli moja kwa kawaida ina miligramu 2. Hakikisha kwenye pakiti. Mtu mzima humeza mbili mwanzoni, kisha moja kila baada ya choo cha maji, na asizidishe miligramu 8, yaani kapsuli nne, ndani ya saa 24 anapojitibu mwenyewe. Kuna pakiti zinazotaja kiwango cha juu zaidi, na daktari anaweza kufikia miligramu 16 kwa mgonjwa anayemfuatilia, lakini kwa mtu aliye peke yake nyumbani ninashauri ashike nne na aishie hapo.

Kosa ninaloliona zaidi ni haraka. Mgonjwa humeza mbili, baada ya nusu saa anarudi chooni, anaamua kwamba dawa haifanyi kazi na kumeza nyingine tatu. Dawa huhitaji saa moja au zaidi kabla ya kuonyesha nguvu yake, na mara ikishaingia haitoki upesi, kwa maana baada ya saa 11 hivi nusu ya dozi huwa bado imo mwilini. Anayerundika kapsuli asubuhi atakutana nazo zote jioni, tumbo likiwa limejaa gesi na choo kimekataa kabisa. Andika saa ya kila kapsuli kwenye pakiti au kwenye simu.

Mwisho wake ni siku mbili. Saa 48 zikipita na hali haijabadilika, acha dawa uende kituo cha afya. Usinunue pakiti ya pili. Iache mapema zaidi iwapo choo kimefunga, tumbo linavimba au maumivu yanaongezeka, na usisubiri kuona kama kesho kutakuwa afadhali. Wapo pia wanaopata usingizi au kizunguzungu baada ya kuimeza, kwa hiyo dereva wa lori au wa bodaboda aipime kwanza akiwa amekaa nyumbani.

Wakati ambapo kapsuli isimezwe kabisa

Damu au makamasi katika choo ni alama ya kwanza. Homa ya kuanzia nyuzi 38 ni ya pili, na hapa Uganda homa ina maana pana: inaweza kuwa malaria, ambayo kwa watoto hasa huja na kuharisha na kutapika, au homa ya matumbo, ambayo mwaka 2015 ilienea jijini Kampala na kuhusishwa na maji machafu. Mtu aliyefunga tumbo kwa kapsuli na kutuliza homa kwa Panadol huwa amezificha dalili mbili ambazo mhudumu angezitumia kumtambua. Apimwe kwanza.

Alama ya tatu ni choo kinachotoka kama maji ya mchele, kwa wingi na mfululizo. Huo unaweza kuwa kipindupindu, ugonjwa unaovijua vijiji vya wavuvi kando ya Ziwa Albert, wilaya ya Kasese na mitaa ya mabondeni jijini Kampala, na ambao mwaka 2018 uliwapiga wakimbizi waliokuwa wakivuka ziwa kutoka Kongo na kuingia Hoima. Mgonjwa mahututi wa kipindupindu anaweza kupoteza hadi lita moja ya maji kwa saa. Akimeza dawa ya kufunga, maji yanaendelea kutoka kwenye damu na kujaa ndani ya utumbo uliolegea, huku yeye na jamaa zake wakidhani anapona kwa sababu haendi chooni. Mpeni ORS papo hapo, na njiani pia, na msimlaze nyumbani.

Naongeza jambo ambalo katika nchi nyingine nisingelitaja. Uganda imepata milipuko ya Ebola, kama ile ya Gulu mwaka 2000, Bundibugyo mwaka 2007, Mubende mwaka 2022 na Kampala mwaka 2025, na kuharisha pamoja na kutapika na homa ni miongoni mwa dalili zake. Wizara ya Afya inapokuwa imetangaza mlipuko, mtu mwenye dalili hizo asijitibu dukani wala asizunguke kliniki hadi kliniki. Awaite wahudumu wa afya wamfuate alipo.

Asiitumie pia mtu aliyeanza kuharisha wakati anameza antibayotiki au wiki chache baada ya kuzimaliza, wala mwenye ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana. Mwenye ini bovu amwone daktari kwanza, kwa kuwa ini ndilo linaloivunjavunja dawa hii, na mjamzito au mama anayenyonyesha aulize kabla ya kumeza. Kuharisha kulikofikia siku 14 si jambo la duka la dawa tena; kunahitaji vipimo, kikiwemo cha virusi vya UKIMWI kwa asiyejua hali yake.

Mtoto

Mama mmoja aliwahi kuniita musawo, yaani daktari kwa Kiganda, akasema, "Nigawie kimoja tu, nitamfungulia kapsuli nimpe nusu ya unga." Nilimuuliza, "Mama, mtoto amekojoa mara ngapi tangu asubuhi?" Akanyamaza, akahesabu, akasema hata mara moja. Mtoto alikuwa na miezi tisa. Hakuhitaji nusu kapsuli, alihitaji maji kwa kijiko kila dakika na gari la kumpeleka kituo cha afya, na ninashukuru kwamba mama alinisikiliza, maana angeweza kabisa kupata alichokitaka duka la pili.

Loperamidi ni marufuku kwa mtoto wa chini ya miaka 2, na kwa aliye chini ya miaka 12 isitolewe bila daktari. WHO haipendekezi dawa yoyote ya kufunga tumbo kwa watoto wadogo. Utumbo wa mtoto mchanga unaweza kusimama kabisa, tumbo likavimba kama ngoma, na dawa inaweza kupenya hadi kwenye ubongo na kupunguza pumzi. Mwaka 1990 nchini Pakistan watoto wachanga walifariki baada ya kupewa loperamidi ya matone, na matone hayo yakaondolewa sokoni. Kuifungua kapsuli ya mtu mzima na kukisia nusu ya unga wake ni kurudia hatari ileile kwa kipimo kisicho hakika.

Anachopaswa kupewa mtoto ni ORS pamoja na vidonge vya zinki: miligramu 20 kila siku kwa aliyefikisha miezi 6, na miligramu 10 kwa aliye chini ya hapo, kwa siku 10 hadi 14 bila kukatisha hata kama ameshapona siku ya tatu. Zinki hufupisha ugonjwa na hupunguza uwezekano wa kurudi katika miezi michache inayofuata, ndiyo sababu siku zilizobaki zina maana. Kidonge huyeyushwa kwenye kijiko cha maji au maziwa ya mama. Vyote viwili huuzwa vikiwa vimefungwa pamoja, na wahudumu wa kijiji wanaojulikana kama VHT huwapa watoto wa chini ya miaka 5, kwa hiyo ulizia kwao kabla ya kutoa fedha.

Mkimbize kituo cha afya mtoto ambaye macho yameingia ndani, analia bila machozi, hawezi kunywa au anatapika kila kitu, amelegea, hajakojoa kwa saa sita au zaidi, au ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole. Usisubiri kupambazuke.

Moyo, na dawa nyingine unazomeza

Kwa kuwa huuzwa bila cheti cha daktari, wengi huamini kwamba loperamidi haiwezi kuua. Inaweza. Mwaka 2016 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilionya kwamba dozi kubwa huvuruga mapigo ya moyo na kuleta kifo, na mwaka 2018 ikawataka watengenezaji wapunguze idadi ya kapsuli katika pakiti. Wengi wa walioathirika walimeza kapsuli makumi kwa siku, wakitafuta ulevi au nafuu ya kuacha dawa za kulevya. Kuzimia, moyo kwenda mbio au kurukaruka baada ya kumeza dawa hii ni dharura ya hospitali.

Dozi ya kawaida nayo inaweza kugeuka kubwa iwapo dawa nyingine inauzuia mwili kuiondoa. Miongoni mwa hizo ni ritonaviri, inayochanganywa na lopinaviri au atazanaviri kwa watu wanaomeza ARV, dawa za virusi vya UKIMWI, walio kwenye mstari wa pili wa matibabu, yaani waliobadilishiwa dawa za mwanzo. Dawa za fangasi za ketokonazoli na itrakonazoli. Na antibayotiki za erithromisini na klarithromisini. Lopinaviri yenyewe huwaharisha watu wengi, na hao ndio wanaokuja kununua kapsuli kila wiki. Mwonyeshe mhudumu dawa zako zote, hata kama hutaki kuzitaja kwa sauti mbele ya foleni; omba mzungumze pembeni, hiyo ni haki yako.

Flagyl, yaani metronidazoli, hutibu amiba na giadia, na haina kazi kwa kuharisha kunakotokana na virusi au chakula kilichochacha. Kuinywa kila tumbo linaposumbua ni kupoteza fedha na kuyafunza maradhi kuistahimili dawa, na haipatani na pombe. Mkaa wa dawa unaweza kunasa dawa nyingine tumboni, hivyo utenganishwe nazo kwa saa mbili au zaidi, ARV na vidonge vya kuzuia mimba vikiwemo. Lomotil, dawa nyingine ya kufunga tumbo, ni hatari kwa watoto hata kwa vidonge vichache. Dawa za bismathi huweusha ulimi na choo, jambo lisilodhuru, lakini zina kemikali ya jamii ya aspirini na hazimfai mtoto wala mwenye mzio wa aspirini.

Kwenye kaunta

Duka halali huwa limebandika ukutani leseni ya NDA, mamlaka ya dawa iliyoundwa mwaka 1993. Angalia mwaka ulioandikwa. Omba kapsuli zikiwa bado kwenye karatasi yake ya kiwandani, usome tarehe ya mwisho, na ukatae zilizomwagwa ndani ya kaveera, yaani mfuko wa plastiki, au bahasha isiyo na jina. Iwapo upo Buganda na Kiganda chako ni haba, maneno manne yatakufikisha mbali: ekiddukano ni kuharisha, omusaayi ni damu, omusujja ni homa, omwana ni mtoto. Ukisikia muuzaji hakuulizi lolote kati ya hayo, mweleze wewe mwenyewe.

Kapsuli zinazobaki ziwekwe juu, mahali mtoto hafiki, wala zisikae kwenye mkoba unaoachwa kitandani. Mtoto akizimeza, usimtapishe wala usimpe maziwa ukisubiri. Mbebe hadi hospitali ukiwa na pakiti mkononi, kwa kuwa ipo dawa ya kuvunja nguvu ya sumu hiyo, naloksoni, na daktari ataamua upesi zaidi akiona jina na idadi ya kapsuli zilizopungua.